Taa Nyekundu kwa Bi Mwanahawa

Taa ya mlangoni kwa Bi Mwanahawa iliwaka nyekundu asubuhi ile ile washenga walipokuwa njiani kuja kumposa binti yake, Shufaa. Siku hizi ndivyo ilivyo: kundi lako la mtandaoni likikuadhibu, adhabu inaonekana mlangoni kwako, mtaa mzima ukaijua. Kosa halitajwi. Aliyehukumu naye hatajwi.

Mzee Kibwana, mkubwa wa washenga, alikwisha kuvua viatu. Akaiona taa.

"Kosa gani hili, Bi Mwanahawa?"

"Sijaambiwa. Nimeuliza, nikajibiwa ni siri, kwa usalama wa kundi. Eti usalama!"

"Basi ni zito, hata halitajiki," akasema mzee, akavaa viatu vyake.

Chumbani Shufaa akaangua kilio. Bi Mwanahawa akajifunga kibwebwe, akashika simu.

"Hamwondoki! Nawasomea yote niliyoandika wiki hii, nanyi mnionyeshe kosa liko wapi."

Akasoma pale pale barazani, majirani wakichungulia madirishani: mapishi ya mkate wa sinia, pole kwa wafiwa, kisha swali moja. "Bi Zaituni kafukuzwa kundini kwa lipi, na nani kaamua?"

"Hata mimi nilitaka kuuliza hilo," akasema Mzee Kibwana, naye mwanachama wa kundi lile lile, ambalo husikia hata kwa simu zilizo mfukoni.

Papo hapo simu ikamlilia mfukoni: taa ya mlangoni kwake nayo imewaka nyekundu. Akaisoma, akairudisha mfukoni. Kisha akavua viatu tena.

"Hodi!" akaita, mtaa mzima ukasikia. "Hodi wenyewe! Tumekuja kuposa!"