Kitovu cha Tunu

Kiwanda cha sabuni kilikuwa kinahamia jimbo jirani, na wafanyakazi wake walihama nacho. Sheria ilijulikana na kila mtu: wewe ni wa jimbo kilikozikwa kitovu chako, na huvuki mpaka bila kibali cha mwajiri. Mwanaheri na mumewe walikuwa na vibali. Kichanga chao Tunu angepata kibali wapi?

Ndiyo maana kitovu kilipodondoka, Mwanaheri alimsihi mama mkwe wake asikizike. Bi Mgeni alimkazia macho. "Mjukuu wangu awe wa wapi, basi?" Akakizika chini ya mgomba uani, kama alivyozika vya wanawe wote. Bi Mgeni alipojilaza mchana, Mwanaheri alikifukua kwa kucha, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa basi la kiwanda lilikuwa limesimama mpakani. Askari alipitisha mashine ya kutambua jimbo juu ya kichwa cha Tunu, akaipitisha tena.

"Huyu hana kwao."

"Kitovu chake ninacho," alisema Mwanaheri. "Nitakizika huko tuendako."

Askari alimwita bwana mmoja wa kiwanda, aliyekuja na kikopo kidogo kitupu chenye nembo ya sabuni.

"Ahsante sana, mama," alisema kwa upole, akinyoosha mkono kwenye pindo la kanga. "Asiye na jimbo ni wa kiwanda. Siku tukihama tena tutakwenda naye, hata kama wewe utakuwa huna kibali."