Santuri Isiyo na Jina

Enzi za ukumbi wa dansi, Shamte ndiye DJ aliyeogopwa mjini. Alikuwa na santuri za soul, muziki wa Wamarekani weusi, ambazo wenzake hawakuzipata popote. Moja aliikwangua karatasi ya katikati, yenye majina, kwa wembe, ili wapinzani wasijue mwimbaji ni nani. Kila alipoiweka, ukumbi mzima ulipiga mayowe. Ndiyo aliyoicheza na Mwanahawa kabla hawajaoana.

Sasa Mwanahawa alikuwa kitandani, na daktari alikwisha kuwaambia warudi nyumbani.

"Niwekee ule wimbo wetu, Baba Sauda," aliomba asubuhi moja.

Shamte akaitoa santuri kabatini. Joto la paa la bati lilikuwa limeipinda. Alipoteremsha sindano, ikakwaruza, ikaruka, ikakwaruza tena. Sauti ya yule mwimbaji wa kike haikutoka.

"Basi mwambie Sauda autafute kwenye simu," mkewe akasema. "Siku hizi kila kitu kimo humo. Huo wimbo unaitwaje?"

Shamte akafungua kinywa. Aliikumbuka ngoma ilivyoingia, akalikumbuka hata gauni alilovaa Mwanahawa. Jina halikuja.

"Sijui, mke wangu. Nililikwangua mwenyewe."

"Na mwimbaji?"

"Naye nimemsahau."

Mwanahawa akafumba macho. "Basi niimbie wewe."

Shamte hakuwahi kuimba maishani mwake, na yale maneno ya Kiingereza hakuyajua. Akaanza kuimba lahani tu, bila maneno, kwa sauti iliyokauka, akikosea na kurudia. Mkewe hakufumbua macho, wala Shamte hakuthubutu kunyamaza.