Hakuna wa Kumngoja

Tangu chuo kigawe huduma zake kwa matawi, Coleta ndiye ofisi nzima ya wanafunzi hapa Sumbawanga: usajili, mabweni, rufaa, yeye peke yake.

Binti kutoka Mwimbi alisimama mbele ya meza, kitenge kimelowa mvua, mtoto akikohoa mgongoni.

"Shikamoo mama. Nilikosa mitihani, nilikuwa namuuguza huyu. Naomba nisifukuzwe."

"Marahaba."

Muda wa kuomba rufaa ulikuwa umekwisha, na Coleta akamwambia hivyo. Zamani Coleta angesema makao makuu wamekataa, akaenda kunywa chai.

"Basi nimngoje nani aamue, mama?"

"Hakuna wa kumngoja."

Coleta alivua miwani, akafikicha macho. Kisha akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto nimpakate. Wewe keti uandike rufaa yako. Wakiuliza, wataniuliza mimi."