Kabla Nywele Hazijaisha Kusukwa

Salha alikuwa ameketi kwenye jamvi, mgongo kwa Bi Chausiku msusi, akimsimulia hadithi anayoiandika. Mhariri wa gazeti alikuwa amezikataa hadithi zake zote za kwanza kwa kosa moja, kwamba hazifiki mwisho, na akasema atasoma hii moja tu, basi. Kwa hiyo Salha alijiwekea sharti: nywele zikiisha kusukwa, hadithi nayo iwe imeisha.

Mke wa hadithini alikuwa amesikia hodi ya mume aliyepotea miaka mingi. Salha akamleta jirani, akamleta shemeji, akaingia kwenye visa vya shemeji. Ndipo shaka ikamwingia. Mbona vidole vya Bi Chausiku haviishi kurudi pale pale? Akapeleka mkono kisogoni. Msuko uliokwisha kusukwa ulikuwa umefumuliwa.

"Bi Chausiku, unanifumua?"

"Nimekosea kidogo."

"Wewe ukosee? Tangu lini? Au unanicheka?"

"Nikucheke nini, mwanangu? Nimeona hujafika mwisho, nikakuongezea nafasi."

Salha akamshika goti. "Ahsante. Ila usifumue tena. Suka."

Bi Chausiku akasuka. Salha akamwondoa shemeji, akamwondoa na jirani, akabaki na mke peke yake, mkono uko kwenye komeo. Hapo akakoma.

"Enhe? Kafungua?"

"Imeishia hapo," Salha akasema. Nyuma yake Bi Chausiku alikuwa ameishika ncha ya msuko wa mwisho, haifungi wala haiachii.