Baba Nakiete Afika Bergen

Siku hizi marehemu haondoki nyumbani, mradi mtandao usikatike. Sauti yake hukaa ndani ya kishikwambi, na ikikosa mtandao siku nzima hupotea moja kwa moja.

Ndiyo maana Namkunda, mjane wa kutoka Same, alipofika ng'ambo, Bergen, kumhudumia bintiye Nakiete aliyejifungua, aliulizia mtandao kabla hata hajampakata mjukuu. Laini ya nyumbani ilikuwa imegoma tangu alipopanda ndege, na ilibaki saa moja tu siku nzima itimie.

"Tumia mtandao wa hapa, mama," Nakiete alimwambia. "Hata mimi baba ninaye humu kwenye mtandao wetu, nakala yangu mwenyewe. Wataungana wawe mmoja."

Namkunda akaunganisha. Mumewe akakohoa, kama kawaida yake.

"Umefika salama, mpenzi wangu?"

Mpenzi wangu! Miaka arobaini alimwita "wewe mama", na hata baada ya kuzikwa hakuacha kumtania kila asubuhi kuhusu mapishi yake.

"Leo napika makande," Namkunda akamchokoza. "Yale uliyosema yanafaa kujengea msingi."

"Yalikuwa matamu siku zote. Nisamehe kwa kukucheka."

Nakiete, mtoto kifuani, machozi yakamlengalenga kwa furaha. "Umemsikia, mama? Miaka miwili nimemfundisha kuomba msamaha!"

Namkunda hakuwa na moyo wa kumkaripia bintiye. Akakisogeza kishikwambi karibu.

"Asante, baba Nakiete," akasema kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mgeni.