Maji ya Beseni

Kabla ya kubisha hodi kwenye nyumba ya mahujaji, Amaro alichota tope akavipaka viatu vyake. Basi lilikuwa limemshusha nyuma ya kona.

Ndani, bibi mwenye nyumba alikuwa akiwaosha mahujaji miguu, kama anavyofanya kila jioni, maana kesho yake wangeingia Santiago, mji mtakatifu waliouendea kwa miguu. Kila mmoja alipomaliza, maji yake yalimwagwa bustanini, mazito kwa vumbi na damu.

"Unakwenda kumwombea nani, mwanangu?"

"Mke wangu, bibi. Hali yake mbaya. Niliweka nadhiri nitafika kwa miguu."

Hujaji mmoja akampisha kiti.

Bibi akamvua soksi. Kisigino kilikuwa laini, hakina hata lengelenge moja. Akakisugua taratibu, kana kwamba anatafuta kitu. Maua yaliyochorwa ndani ya beseni, chini ya maji, yalionekana yote.

"Duh! Kaka ana miguu ya mtoto mchanga," mtu akacheka. "Au unatembelea mikono?"

Bibi hakucheka. Akaikausha ile miguu, akaibusu kama alivyobusu ya wengine. Beseni akaliacha palepale, akamwita aliyefuata.

"Njoo, binti. Maji haya bado safi."