Majina ya Waliochungulia

Ijumaa ile vafeli hazikuja, na watu wanne wa kitengo cha kufunga vioo wakajua kuna mmoja wao atapoteza kazi. Kwa miaka ishirini kiwanda cha madirisha kiliwapa vafeli, keki bapa za moto, kila Ijumaa, na jamu juu yake. Sasa watu hawajengi nyumba, madirisha yanalala ghalani, na mkurugenzi Halvdan ameanza kubana matumizi kwa kubana matumbo ya wengine.

Saa nne alikuja mwenyewe.

"Jamani, hali ngumu. Sote tufunge mkanda," alisema, huku ameushika wake, mpya wa ngozi. "Kwenye kitengo hiki mmoja itabidi atuache. Jumatatu mtajua ni nani."

Oddvar, mmoja wa wale wanne, alitikisa kichwa kukubali kuliko wote. Alikuwa na miaka hamsini na minne, umri ambao hakuna anayekutafuta isipokuwa daktari wa meno. Mkopo wa nyumba ulikuwa unamlia mshahara hadi mfupa. Kazi hii ikimponyoka, nyumba nayo inakwenda. Aliogopa sana, na woga ulimpa akili, ya aina yake.

Walipoketi kula mikate yao na jibini ya kahawia, Gunnhild, mkubwa wao kazini, alilipuka.

"Mkanda gani? Bwana huyu kanunua boti kiangazi kilichopita! Mimi nyongeza yangu ya mwaka haitoshi hata kamba ya kuifungia."

"Si umwangalie anapata kiasi gani?" Oddvar alisema taratibu, akikunja karatasi ya mkate. "Orodha ya kodi imetoka juzi."

Kwetu kipato cha mtu si siri. Unaingia kwenye mtandao wa idara ya kodi, unaandika jina la jirani yako, unamwona alivyo. Ila kuna kaubaya kamoja: uliyemchungulia naye anaonyeshwa jina lako. Ndiyo maana watu wenye adabu hufa na hamu yao.

"Aone majina yetu wiki hii ya kufukuzana?" alisema Eivind, mdogo wao. "Oddvar, umerogwa?"

"Sasa mnaogopa nini? Si haki yenu? Laiti ningekuwa kijana kama wewe!"

"Kweli, sheria inaturuhusu," alisema Gunnhild, simu tayari mkononi.

Solfrid, mwenzao wa nne, akamgeukia Oddvar. "Na wewe je, mwenzetu? Huangalii?"

"Nitaangalia nyumbani. Simu yangu imeisha chaji."

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akakohoa kwa nguvu.

Wale watatu wakachungulia, kila mtu kwa simu yake, maana hasira haiazimwi. Kipato cha bosi kwa mwaka: kroni milioni tatu na laki mbili. Mwaka uliotangulia zilikuwa mbili na nusu.

"Kumbe mkanda kaufunga kweli," alisema Gunnhild. "Kaufunga shingoni kwetu."

Solfrid alikuwa akipata laki nne na nusu, na mgongo mbovu. Aliuweka mkate wake chini, hakuumaliza.

Oddvar akawapa pole kwa moyo mmoja. Jioni hakuchungulia kitu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: bosi ataona majina matatu, atachukia, atachagua mmoja wao. Yupi kati yao, hilo halikumhusu. Usiku ule alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu riba ipande.

Jumapili alikutana na Halvdan kwenye njia ya kuteleza kwa ski. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, ingawa hawakutaja theluji. Oddvar alimpisha mpaka akazama thelujini hadi magotini, akamsalimia mara mbili.

Jumatatu asubuhi gari la mwanasheria kutoka mjini lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Halvdan akachungulia kwenye kitengo.

"Oddvar, njoo wewe kwanza."

Oddvar alichomekea shati vizuri. Wenzake walimtazama akipita, Gunnhild kwa jicho la kuelewa, naye akajifanya hakuliona.

Ofisini mwanasheria alikuwa anakunywa kahawa. Mezani kulikuwa na karatasi moja, na Oddvar aliisoma juu chini: Gunnhild, Eivind, Solfrid.

"Unawaona hawa?" Halvdan alisema. "Wamenichungulia Ijumaa, wote watatu, saa za chakula!"

"Aibu tupu," alisema Oddvar. "Mimi jambo kama hilo siliwezi, bosi."

"Najua. Jina lako nimelitafuta mara mbili, halimo." Halvdan akashusha pumzi, macho yamelowa kidogo. "Wewe ndiye mtu wangu wa kweli humu ndani, Oddvar."

"Asante, bosi."

Mwanasheria akaweka kikombe chini, akamsogezea Oddvar bahasha.

"Nikimfukuza yeyote kati ya hao watatu, huyu bwana ananiambia, mahakama itasema nimelipiza kisasi," alisema Halvdan. "Kwa hiyo, rafiki yangu, wa kufukuzwa umebaki wewe tu."